Ticha Dama na Bakuli la Shubiri

Mwalimu Eunice Dama Ngowa, ambaye Mji wa Kale wote ulimjua kwa jina la Ticha Dama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 kule Rabai, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Chengo na marehemu Mama Sidi. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, hapa Mombasa, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Kati ya tarehe hizo mbili alifanya mengi mazuri, nayo yatasemwa. Lakini alikuwa na wivu, na hilo nalo litasemwa. Familia ilipokaa Tononoka kuuandaa wasifu huu, kaka yake Samuel alitaka neno hilo liachwe, akasema mbele ya jeneza watu husema mema. Mzee Kenneth, mume wa marehemu, akainua kichwa. Akasema, "Andikeni. Mkiliacha hilo, watu watauliza anayezikwa ni nani."

Basi limeandikwa.

Wivu alianza nao mapema. Mdogo wake alipozaliwa, Dama alikuwa na miaka minne, akajiketisha mlangoni na kuwaambia wageni waliokuja kumwona mtoto kwamba amelala, warudi kesho. Wawili watatu walirudi kweli. Mama yao alisuka mikeka, na ili amtoe binti mlangoni alimpa chane za ukindu, akamwonyesha namna ya kupishanisha. Tangu siku hiyo mikono yake haikujua kukaa bure.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Rabai kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akaletwa Mombasa kwa shangazi yake aliyekaa Tononoka, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na mwandiko safi. Mwaka mmoja zawadi ya kazi za mikono ilimwendea msichana mwingine. Dama alipiga makofi kama wenzake, ila msichana yule hakuazimwa tena rula mpaka walipoagana. Mwaka 1990 alipata cheti cha ualimu wa chekechea.

Karatasi ndiyo iliyomkutanisha na mumewe. Kenneth Ngowa alifanya kazi kwa mpiga chapa mmoja wa mjini, na pembeni mwa mashine kulikuwa na vipande vya rangi zote vilivyokatwa vikasubiri kutupwa. Dama alikwenda kuviomba, akaambiwa na Kenneth kwamba vya wiki hiyo ameshamwahidi mwalimu mwingine, binti wa Kizingo. Akauliza kama binti huyo ni mzuri. Kenneth, ambaye hakuwa na hila, akasema ndiyo. Vipande vile havikufika Kizingo wiki hiyo wala wiki yoyote baadaye. Walifunga ndoa kanisani Rabai tarehe 12 Desemba 1992, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mbeyu na Chengo. Miaka thelathini na mitatu Mzee Kenneth alirudi nyumbani na karatasi kwapani, na miaka hiyo yote aliulizwa alizungumza na nani njiani.

Januari 1991 marehemu aliajiriwa katika chekechea moja ndogo ya Mji wa Kale, iliyo juu ya duka, na hapo akakaa miaka thelathini na minne. Alifundisha kuhesabu na kusoma, lakini kazi yake hasa ilikuwa kazi za mikono, na mwaka aliujua kwa misimu yake. Kusi ikianza kuvuma, watoto walitengeneza tiara za kurusha angani kwa magazeti na njiti za makuti. Msimu wa maembe walikausha kokwa, wakazichora macho na mdomo, na zile nyuzi zikawa nywele za bibi kizee. Jumapili ya Matawi ikikaribia, watoto wa Kikristo, ambao walikuwa wachache, walisuka misalaba ya ukuti, na wa Kiislamu wakasuka vipepeo vya kupepea jiko kwa ukuti uo huo. Wajukuu wa Bwana Valli, mwenye duka la dawa za kienyeji, walipotaka taa za udongo za Diwali, darasa zima lilifinyanga pamoja nao. Krismasi walikata nyota. Mzazi aliyewahi kuleta pamba ibandikwe kama theluji alirudi nayo nyumbani, maana Ticha Dama alimuuliza ni nani amewahi kuiona theluji Kibokoni.

Na msimu wake mwenyewe, alioupenda kuliko yote, ulikuwa Shaaban na Ramadhani. Mkristo wa Rabai, lakini hakuna aliyemfikia. Shaaban walikata kandili za karatasi. Ramadhani ikiwa katikati walianza kadi za Idd: kila mtoto aliuweka mkono wake juu ya karatasi, ukachorwa pembeni, ukakatwa, ukabandikwa kwenye kadi, kisha vidole vya karatasi vikatiwa maua ya hina kwa kalamu. Hakuna nyumba ya mitaa ile ambayo haikuwahi kuwa na mkono wa mtoto ukutani.

Gundi aliipika mwenyewe, ya unga wa ngano, na ndani alitia kitu ambacho hakumwambia mtu. Kadi za walimu wengine zililiwa na mende kabla mwezi haujaandama. Zake zilikaa miaka.

Lakini chekechea ina ubaya wake. Mtoto wa miaka minne hupenda kwa moyo wote, kisha husahau kwa moyo wote. Siku moja marehemu alikwenda Biashara Street kununua leso. Aliyemhudumia alikuwa Kashif, kijana mwenye ndevu zake, ambaye Dama ndiye aliyemfundisha kushika mkasi. Kijana akamwambia, "Karibu mama, tazama na hizi," kama anavyowaambia wote. Dama alichagua leso yake, kisha akamkumbusha kwamba alipokuwa mdogo alijikata nywele za mbele ya kichwa akazibandika kwenye tiara ziwe mkia. Kashif akacheka kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za jirani. Dama alirudi nyumbani amenuna, na chakula hakukigusa. Wa miaka ya nyuma wote walikuwa wameshamsahau. Aliobaki nao ni wale wa mwaka ule tu, na hao hakutaka kugawana na mtu.

Ndipo mwaka 2018 akaja Mwalimu Nabiha.

Mwalimu Nabiha yupo nasi leo, na alikubali haya yasomwe. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Kibokoni, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinukia udi na asumini. Ticha Dama alinukia chaki na uji wa ngano. Watoto wakawa wanajifunika kwa mikono ya baibui la Nabiha na kunusa. Kulikuwa na msichana mmoja, Lamis, wa miaka minne, mwenye kikohozi kisichoisha na vishimo mashavuni, ambaye Dama alimpenda waziwazi, na hakujificha. Asubuhi moja Dama aliingia darasani akamkuta Lamis ameketi mapajani kwa Nabiha, kichwa kifuani. Kuanzia siku hiyo mikasi mizuri ya shule haikuonekana. Ilionekana mibovu tu. Walimu wengine walijua iko kwenye mkoba wa nani.

Mwaka uliofuata, 2019, mwalimu mkuu, Bi Marziya, aliamua kwamba kadi za Idd zishikwe na Mwalimu Nabiha, kwa kuwa Idd ni sikukuu yake, na Ticha Dama apumzike. Alidhani anafanya wema. Marehemu alifika nyumbani akasimama katikati ya chumba na mkoba begani.

"Idd yake," alimwambia mumewe. "Idd nimeishika mimi tangu huyo hajazaliwa. Yeye Ramadhani anaifunga kwa tumbo, mimi nimeifunga kwa vidole."

Mzee Kenneth alimwambia binti yule hana kosa. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana ni kweli.

Ramadhani iliingia. Siku moja Dama alikuwa anashona mikia ya tiara, midomo imejaa pini, Nabiha akamjia kwa heshima zake zote. Akamwamkia, akaketi chini, akasema ameona kadi za miaka kumi ambazo hazijatobolewa na mdudu, na kama Ticha hatojali, angependa kujua gundi ile hutiwa nini. Dama alijibu na pini zake mdomoni. Alisema, "Shabu." Shabu ni yale mawe meupe ambayo kinyozi humpitishia mtu kidevuni akishamnyoa. Lakini kwa zile pini neno lilitoka nusu.

"Shubiri?" Nabiha akauliza.

Na shubiri, kwa asiyejua, ni ule utomvu mchungu ambao mama hujipaka titini akitaka kumwachisha mwanawe ziwa.

Marehemu alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. Nafasi ya kumsahihisha alikuwa nayo, tena kubwa. Akasema, "Ee."

Nabiha akashukuru, akenda zake.

Aliipika siku ya pili, sufuria nzima, akaitia shubiri kwa mkono mwema ili kadi zidumu. Alikuwa amefunga, kwa hivyo hakuionja. Watoto wa umri ule hawafungi, na kidole cha mtoto kikishika gundi hakikosi kufika mdomoni. Wa kwanza kulia alikuwa mvulana mmoja, Bassam. Halafu wa pili. Halafu darasa zima, ndimi nje, machozi na makamasi, wengine wakijifuta ndimi kwa kadi zao wenyewe. Kwenye chumba cha pili Ticha Dama aliziba mdomo kwa leso, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alimnusa vidole, akamwambia Nabiha mbele ya watu, "Mwalimu, huyu ziwa nimeshamwachisha mimi." Bi Marziya alimwita Nabiha, akamkemea mlango ukiwa wazi. Dama alisikia kila neno, na hakusogea.

Furaha ile haikulala. Asubuhi iliyofuata alipika gundi yake mwenyewe, nyeupe, laini, akaiweka kwenye bakuli mbele ya watoto akiwaambia leo watabandika na Ticha Dama. Walilitazama bakuli. Kisha, kama walioambizana, wote wakaficha mikono nyuma.

Alimwambia Lamis aje. Lamis akatikisa kichwa. "Chungu," akasema.

Dama akawaeleza kwamba hii ni yake, ile ilikuwa ya Ticha Nabiha. Watoto wa miaka minne hawajui yako na yangu katika gundi. Gundi ni gundi. Akambembeleza huyu, akamshika yule kidole, yule akapiga kelele kana kwamba anachanjwa. Alitaka wamkimbie mwenziwe, wakamkimbia na yeye. Kesho yake hali ilikuwa ile ile, na kesho kutwa pia. Idd ikawa inakaribia, mikono ya karatasi imejaa mezani, imeshakatwa, na hakuna hata mmoja uliobandikwa.

Katikati ya hayo Nabiha alipita dukani kwa Bwana Valli kutafuta shubiri nyingine, akidhani aliyonunua mwanzo ilikuwa mbovu. Mzee yule alimuuliza ya nini, akaambiwa ya gundi. Akacheka, akasema gundi hutiwa shabu, na Ticha Dama huinunua hapo hapo miaka yote.

Nabiha alirudi shule, akamkuta Dama stoo ya karatasi, akafunga mlango. Hakupandisha sauti.

"Nalikuuliza, Ticha. Nilisema shubiri, nawe ukanambia ee."

Dama akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nimekukosea nini?" Nabiha akauliza. "Nambia nikutake radhi."

Marehemu alikuwa na ulimi mkali, kila aliyemjua anajua, na siku ile ulimi haukupata kitu. Nabiha alisema tu kwamba watoto hawana makosa, akafungua mlango. Kwa Bi Marziya hakwenda. Kwa wazazi hakwenda. Lawama aliiacha pale pale juu ya kichwa chake, akamsitiri mtu mzima aliyemchimbia shimo. Usiku ule marehemu alimweleza mumewe yote, kisha akageukia ukutani, akasema, "Hata kunisitiri amenishinda."

Asubuhi alipika gundi mpya bila shabu, ya unga na maji matupu. Aliwaketisha watoto wa madarasa yote mawili chini, akaweka bakuli katikati, akatia kidole, akakilamba mbele yao. Wakamtazama. Akalamba tena. Bassam akauliza kama si chungu, akamwambia aangalie uso wake kama umekunjana. Halafu Lamis akanyoosha kidole kuelekea mlangoni alikosimama Nabiha.

"Na yeye alambe."

Wenzake wakaitikia, alambe, alambe. Ile chungu ilikuwa yake, basi waione inaingia mdomoni mwake. Nabiha alisimama na midomo yake mikavu ya saumu, asiweze kulamba, asijue aseme nini kwa watoto wadogo kiasi kile wakaelewa.

"Ticha Nabiha amefunga," Dama akasema. "Mimi namlambia."

Akatia kidole cha pili. "Hiki changu," akakilamba. "Hiki chake," akakilamba na hicho. Akarudia, changu, chake, changu, chake, mpaka mmoja akaanza kucheka. Lamis akaja wa kwanza akatia kidole. Saa sita za mchana mikono yote ilikuwa imebandikwa, na bakuli lilikuwa tupu, maana nusu ya gundi watoto waliifanya uji.

Hapa mtu angependa kusema kwamba wivu uliishia pale. Haukuisha. Walifanya kazi pamoja miaka sita mingine, na mikasi iliendelea kupotea. Marehemu hakumtaka radhi Nabiha kwa mdomo. Alimpelekea shabu, kipande kikubwa ndani ya karatasi, akaweka mezani kwake akaondoka. Wazazi waliendelea kusimulia habari za mwalimu wa shubiri, wakimaanisha Nabiha. Dama aliwasikia, akanyamaza, na kila aliponyamaza alirudi nyumbani na hasira, akitafuta mtu wa kugombana naye. Mzee Kenneth alijua siku hizo kwa namna sufuria zilivyowekwa jikoni.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na bado alifundisha, mpaka Agosti 2025 alipoacha kazi kwa kushindwa na ngazi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza. Inamshukuru pia Mwalimu Nabiha, aliyekwenda kumwona karibu kila Ijumaa baada ya sala, ingawa mgonjwa alimwuliza kila mara kwa nini amekuja mikono mitupu, na akija na kitu alimwuliza kwa nini amejisumbua.

Januari mwaka huu Nabiha alikuja na Bi Noor, mzazi wa zamani wa chekechea, na binti yake. Binti alikuwa mrefu, wa gredi ya sita, vishimo mashavuni. Dama alimjua kabla hajafika kitandani, lakini hakusema jina. Alikuwa ameshasahauliwa na Kashif, hakutaka kupita tena huko. Lamis akasogea kitandani.

"Ni wewe ulilamba gundi," akasema.

Mbeyu, binti wa marehemu, alikuwepo. Anasema mama yake, ambaye kwa wiki nzima hakuweza kuinuka bila kushikwa, aliketi peke yake.

"Unanikumbuka?"

"Nakumbuka. Ticha Nabiha aliiharibu ikawa chungu, wewe ukailamba ikawa si chungu."

Miaka yote marehemu alikuwa anaililia kauli ile. Mtoto mmoja, katika mamia, amemkumbuka, tena kwa uzuri, na mwenziwe amekumbukwa kwa ubaya. Angenyamaza tu, ingebaki hivyo mpaka Lamis awe bibi. Alimtazama Nabiha. Nabiha alikuwa anamenya chungwa kwa upole, kana kwamba hakusikia neno.

"La, mwanangu," Dama akasema. "Ticha Nabiha hakuharibu kitu. Aliniuliza, nami nikamficha. Shubiri ile ilikuwa yangu."

Bi Noor aliinamisha uso. Lamis hakuwa na haya.

"Kwa nini ulimficha?"

"Kwa sababu ulikuwa ukikaa mapajani kwake."

Lamis akafikiri. "Hilo mimi silikumbuki," akasema.

Nabiha aliweka chungwa chini. Ndipo naye akalitoa lake. Alisema mtoto alikuwa akija kwake kwa kuwa kwa Ticha Dama hapakuwa na nafasi, kila asubuhi walikuwa wameshajaa watatu wanne, na wengine wakingoja zamu.

Dama akamgeukia.

"Na ndiyo kwanza unanambia?" akasema. Kisha akafungua mdomo alishwe chungwa.

Mwalimu Dama alifariki mwezi wa Shaaban, watoto wakiwa wanaanza kukata kandili. Ameacha mume, Kenneth Ngowa; watoto, Mbeyu na Chengo; wajukuu wanne, ambao kila mmoja aliambiwa kwa siri kwamba ndiye anayependwa zaidi; na kaka yake Samuel pamoja na ndugu wengine wa Rabai na Tononoka. Ameacha pia Mwalimu Nabiha. Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba atajwe kati ya wafiwa, ila awe wa mwisho.

Mungu amlaze Dama wetu mahali pema na ampe utulivu. Na kama huko aliko kuna mwingine anayewafundisha watoto kukata karatasi, tunaomba kila mmoja apewe chumba chake.